Amina ya Wakesho

"Kwaya haiishiwi pumzi." Mmeisikia leo kwa kasisi, na mnataka kujua imetoka wapi. Haikutoka mbali, wanangu. Ilizaliwa katika kanisa letu hili, nami nilikuwapo, safu ya nyuma, nikiimba besi.

Soprano yetu wakati ule ilikuwa na Wakesho. Hapa Taita milimani hapakuwa na sauti kama yake. Zaburi zetu tulizimaliza kwa Amina ndefu, nayo sharti iendelee mpaka mwalimu wa kwaya ateremshe mkono. Sisi wengine tulipumua kwa zamu. Huyu akinyamaza kidogo, yule anashikilia. Wakesho hakutaka. Aliishika Amina nzima kwa pumzi moja, na watu walimpenda kwa hilo.

Aliyesimama kando yake alikuwa Mkawasi, soprano pia, mwenye sauti ndogo lakini ya uhakika. Siku moja baada ya mazoezi alimshauri wawe wakipokezana. Wakesho akamjibu kwamba pumzi yake inamtosha, na anayetaka kusikika aimbe peke yake. Tangu hapo wakawa wa kusalimiana tu, mwaka mzima, ingawa viwiko vyao viligusana kila Jumapili.

Kisha mama yake Wakesho akafariki. Mama huyo alikuwa ameimba katika kwaya hii kabla yetu, na aliacha neno kwamba mwanawe amwimbie akitolewa kanisani. Kasisi wa wakati ule alimwambia Wakesho akae na wafiwa, hakuna atakayemlaumu. Akakataa, akavaa kanzu yake ya kwaya.

Zaburi aliiimba vizuri. Tulipofika kwenye Amina, wanaume wakalinyanyua jeneza, na hapo pumzi ikamwishia. Nilimwona kutoka nyuma: mabega yalipanda, yakakwama.

Lakini sauti haikukatika. Mkawasi alikuwa ameidaka palepale, noti ileile, huku amemshika mwenzake mkono. Wakesho akalia kidogo, akavuta pumzi, akarudi. Mkawasi naye akapumua. Wakaenda hivyo, wakipokezana, mpaka jeneza likavuka mlango na mwalimu akateremsha mkono.

Baadaye, tulipokuwa tukivua kanzu, Wakesho alimwuliza, "Ulijuaje kwamba itaniishia leo?"

"Sikujua," Mkawasi akasema. "Kila Jumapili nilikuwa nakaa tayari."

Wakesho alimkumbatia, wakalia pamoja, nasi tukatazama pembeni.

Jioni, matangani, mjomba wa Wakesho alimsifu mbele ya watu kwamba ameimba Amina yote bila kupumua hata mara moja, tena siku ya kumzika mama yake.

"Nilipumua, mjomba," Wakesho akasema. "Na nililia. Mkawasi ndiye aliyenishikia. Kwaya haiishiwi pumzi."

Waliokuwapo wakaondoka na maneno hayo, kila mtu kwake.

Basi leo, kasisi alikuwa akisema na mzee Kalaghe. Huu ni mwezi wa tatu anamwuguza mkewe, hataki kumwachia mtu ila saa hii ya ibada, na mmeona jinsi alivyosinzia wakati wa mahubiri. Akina mama wamepanga zamu ya kwenda kwake, kuanzia leo mchana. Kasisi alimtaka aende akalale bila hofu. Kwaya haiishiwi pumzi.