Dobi Aliyerudisha Hesabu

Palikuwa na guru mmoja huko Bara Hindi, jina lake Vidyadhara, bingwa wa Kisanskriti na hesabu, na watoto wa wakubwa tu ndio aliowafundisha. Vitabu hakuwa navyo. Kila kanuni ilikuwa ubeti: guru huimba, wanafunzi huitikia, anayekosea hukatizwa papo hapo na kusahihishwa. Na waliimba, jamani, mpaka mtaa wa pili husikia.

Nyuma ya ukuta wa chuo alifulia Kamli, dobi mjane, mtu wa tabaka la chini kabisa. Angezibaje masikio, na mikono imo majini? Basi siku moja mtoza kodi akakipima kishamba chake cha pembetatu kana kwamba kina pembe nne. Kamli akamwimbia kanuni ya guru, na kodi ikashuka. Guru aliposikia, akapandwa na hasira, huyo hadi kwa Raja, mfalme wa mji.

"Huyu mwanamke ameniibia hesabu," akasema. "Hesabu ni ya aliyeketi mbele yangu nikamfundisha. Airudishe, au ahame mji."

Raja akakubali, guru ndiye aliyekuwa akiwafundisha wanawe. Kamli akawaza. Ahamie wapi, na watoto wangali wadogo?

"Nitairudisha, bwana mkubwa," akasema. "Lakini iliingia kwa sikio, itatoka kwa mdomo. Guru aketi aipokee."

Guru akaketi, kidevu juu. Kamli akakunja miguu mbele yake, akafumba macho, akaimba:

"Shamba la pembetatu, zidisha kitako kwa kimo, kisha ongeza nusu..."

"Gawa kwa mbili!" guru akamkatiza.

"Unasemaje, mwalimu?"

"Gawa kwa mbili. Unauharibu ubeti. Rudia."

Kamli akarudia.

"Hapo sawa," guru akasema.

"Na kwa nini kwa mbili?"

"Kwa sababu ni nusu ya shamba la pembe nne, mjinga wee. Hata hilo hulioni?"

"Sasa naliona."

Kamli akainuka, akajipangusa vumbi, akamgeukia Raja.

"Bwana mkubwa, niliyoiba nimeirudisha, mwenyewe kaisikia kwamba ilikuwa mbovu. Hii ninayoondoka nayo, umeshuhudia, nimeketi mbele yake akanifundisha."