Moshi wa Kwanza wa Buruma ya Bi Mwajabu

Moshi wa kwanza ni wa mpuliza kaa. Maneno hayo aliyasema binamu yangu Sefu siku ya maandalizi ya arusi ya dada yetu, akitafuna kipande cha nyama alichokiopoa kwenye sufuria. Yeye ndiye aliyewasha moto, alisema, kwa hiyo kuonja ni haki yake. Tukacheka, na wengine tukanyoosha mikono. Shangazi Mwanamvua, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni, hakucheka.

"Methali hiyo umeivaa mgongo mbele," alimwambia. "Haikutungwa kwa ajili ya walafi."

"Ilitungwa kwa ajili ya nani, shangazi?"

Akaweka ungo chini. "Kaeni niwaambie ilikotoka, lakini mikono iendelee kumenya vitunguu."

Huko Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, alikuwako mjane aliyeitwa Bi Mwajabu. Binti yake wa pekee, Riziki, aliolewa na kijana aliyekausha nazi ziwe mbata, Kibwana. Kwa kuwa mama yule hakuwa na mtu mwingine, Kibwana alikubali kuhamia uani kwake badala ya kumchukua mke. Vijana wenzake walimtania kwamba yeye ndiye aliyeolewa. Naye alicheka pamoja nao, kisha akarudi nyumbani kwa mkewe.

Bi Mwajabu alikuwa na starehe moja tu, buruma, yaani kile kiko cha maji cha wazee: chombo cha maji chini, bakuli la udongo la tumbaku juu, na mrija wa kuvutia. Kila alasiri baada ya sala alitandika mkeka barazani, akavuta. Makaa aliyanunua sokoni bila kuuliza ni ya mti gani, na mengine yalirusha cheche mpaka kanga zake zikawa na matundu kama chekeche. Kibwana alipoyaona matundu yale, aliomba kazi ya makaa iwe yake.

Kumbukeni alikuwa mkausha mbata. Vifuu vya nazi alivijua kama mshona nguo anavyojua vitambaa. Hakuchukua kifuu cha dafu, maana ni chepesi, kinateketea kabla tumbaku haijapata joto. Alichagua vya nazi zilizokomaa mpaka zikaanguka zenyewe, akakwangua nyuzi zote za makumbi, kwa sababu uzi mmoja ukibaki unatosha kuharibu harufu. Akavichoma shimoni, akafukia, na kesho yake akafukua makaa magumu yanayolia kama vigae ukiyagonganisha. Alasiri aliyawasha nyuma ya jiko, akapuliza na kupepea mpaka weusi wote ukaisha na kila kaa likavaa majivu meupe. Hapo aliyakung'uta, akapanga vipande vitatu juu ya bakuli, na baada ya kitambo Riziki akaipeleka buruma barazani. Kibwana mwenyewe hakuipeleka. Siku zile mkwe wa kiume hakumkaribia mama mkwe ovyo. Hata kata aliyonywea mmoja, mwingine hakuigusa.

"Kaa hili halikwaruzi koo," Bi Mwajabu aliwaambia majirani. "Kaolewa Riziki, raha napata mimi."

Miezi minne ikapita hivyo. Siku moja alirudi mapema kutoka msibani, akapitia nyuma ya jiko. Akamwona Kibwana amechuchumaa, amempa mgongo, kichwa kimeinamia buruma. Maji yaligugumia ndani ya chombo, na moshi ukapanda juu ya mabega yake. Alikuwa anavuta.

"Kumbe ndivyo," Bi Mwajabu alisema.

Kibwana akashtuka, akatupa kitu majanini, akasimama. Macho yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Usiniamkie. Miezi minne hii nameza mate yako?"

"Hapana, mama."

"Basi nimeota, nimesimama hapa macho wazi."

Kibwana akainamisha kichwa. Hakulelewa kubishana na mama wa mkewe, hata kwa jambo analolijua. "Nisamehe, mama," alisema tu.

"Tumbaku ungeniomba, ningekupa. Lakini kuweka mdomo wako ulipo mdomo wangu, mimi mkweo? Keshokutwa Ijumaa kaka yangu Akida atakuja atuamulie. Mpaka hapo nenda kwenu. Na kama shauri ni langu, hurudi."

Riziki alirejea kutoka kisimani, akamkuta mumewe ameshaondoka.

"Mama, Kibwana havuti. Hata harufu ya tumbaku inamkera."

"Havuti mbele yako. Nyuma ya jiko anavuta vizuri sana."

"Na Ijumaa mkisema asirudi?"

"Utapata mwingine mwenye adabu."

Riziki akaingia chumbani, akaanza kukunja nguo zake moja moja na kuzipanga sandukuni. Bi Mwajabu alisimama mlangoni akimtazama.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Alikuja hapa kwa ajili yako, mama. Akifukuzwa, nitamfuata. Nitakuja kukuona."

Usiku ule hakuna aliyekula.

Kesho yake alasiri aliamua kujiwashia mwenyewe. Makaa yalikuwapo, kikapu kizima, Kibwana aliyaacha. Akaketi palepale nyuma ya jiko, akapuliza. Kaa liliposhika moto upande mmoja akaona linatosha, akaliweka juu ya tumbaku na upande mwingine ungali mweusi. Akavuta kwa nguvu, kama alivyozoea. Moshi ulimwingia kama pilipili. Alikohoa mpaka akapiga magoti, kichwa kikamzunguka, akatapika. Riziki alikuja mbio, akamshika mabega, akampa maji.

"Acha, mama. Leo pumzika."

"Niliharakisha. Nipe kipepeo."

Safari hii alisubiri mpaka kaa likawa jeupe pande zote, akalikung'uta, akalipanga kama inavyotakiwa. Akavuta kidogo tu. Bado ulikuwa mchungu, moshi wa kaa na wa tumbaku iliyobabuka juu, na machozi yakamtoka. Akavuta tena, akatema. Mara ya tatu bado. Ilipofika kama mara ya saba ndipo moshi ukatulia, ukawa ule laini alioujua barazani.

Bi Mwajabu akaushusha mrija. "Riziki," alisema polepole, "mimi kwa miezi minne sijaonja moshi huu hata siku moja."

"Moshi upi?"

"Huu wa kwanza."

Kisha Riziki akainuka, akaingia majanini, mahali mama aliposema Kibwana alitupa kitu. Alirudi na kanga yake imejaa. Akaimwaga chini. Vilikuwa vikonyo vya majani ya mpapai, vile vyenye tundu katikati, vimekatwa urefu wa shubiri, vimekauka, vingi visivyohesabika. Kila kimoja kilikuwa na alama za meno upande mmoja, na upande wa pili kimechongwa kiingie pale unapoingia mrija wa buruma.

Bi Mwajabu akakiokota kimoja, akakitazama mpaka machozi yakamjaa tena, na safari hii hakukuwa na moshi.

"Hakuweka mdomo wake kwenye mrija wangu," alisema. "Kila siku alikata wake, akautupa."

Ijumaa Mzee Akida alifika, akakaa barazani tayari kusikiliza kesi. Kibwana naye alikuja, akasimama uani, hakuthubutu kupanda. Wakamngoja Bi Mwajabu. Alitokea nyuma ya jiko na buruma mkononi, majivu kwenye nywele, macho mekundu, akakohoa, akaiweka mbele ya kaka yake.

Mzee Akida alikuwa mvutaji, na jicho lake halikupitwa. "Dada, mgeni ni mimi, na umevuta kabla yangu? Umeniibia moshi wa kwanza."

"Moshi wa kwanza ni wa mpuliza kaa," alijibu Bi Mwajabu. "Nimeuonja tangu jana, kaka. Ungeujua, usingeuita wizi. Kesi hakuna. Mkosaji ni mimi."

Kisha akamgeukia kijana pale uani.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

Kibwana alitazama chini. "Ningesema nini, mama? Kwamba starehe yako chungu?"

"Ungesema."

"Isingekuwa starehe tena."

Mzee Akida, aliyekuwa ameshaweka mrija mdomoni, aliutoa. Bi Mwajabu alijifuta uso kwa pindo la kanga.

"Pita ndani, baba," alisema. "Mkeo ameshazitoa nguo sandukuni."

Shangazi Mwanamvua aliuchukua tena ungo wake. "Tangu siku hiyo, Bweni wakimwona mtu anakula uchungu kimyakimya ili mwenzake apate utamu, mama anayeonja dawa kabla ya mtoto, mke anayemezea shida za nyumba mume asikose usingizi, hawaulizi amepata nini. Husema tu: moshi wa kwanza ni wa mpuliza kaa."