Santuri ya Njano ya Chande

Santuri ya njano ya muziki wa panki, ambamo marehemu Chande alipayuka na bendi yake, ilimilikiwa na Bwana Temba, tajiri aliyekusanya santuri kwa ajili ya rangi tu. Dada wa marehemu, Zamda, alikwenda kuiomba.

"Tubadilishane, Bwana Temba. Nakupa hii yangu nyekundu."

"Nyekundu, bluu, na gramafoni yako juu. Sauti ya kaka yako hiyo, bibi!"

"Basi niishike tu."

Zamda aliweka mezani chupa ya gundi ya mbao aliyotoka kuinunua, kizibo kikiwa kimelegea, akaipokea santuri na kuilaza kando yake. Kiwiko kikagonga chupa, na gundi nyeupe ikatapakaa juu ya santuri.

"Mama wee! Umeniulia santuri!" Temba alifoka. "Acha hiyo nyekundu iwe fidia, na takataka yako uondoke nayo!"

Zamda alilia mpaka nje ya geti.

Nyumbani aliisambaza gundi vizuri, akaiacha ikauke, kisha akaibandua yote kama ngozi ya nyoka, pamoja na vumbi lake, jinsi Chande alivyomfundisha kusafisha santuri. Akashusha sindano, na kaka yake akaanza kupayuka.