Kufuli Lisilo na Ufunguo

Paukwa!

Pakawa!

Kufuli!

La zimwi!

Hapo kale palikuwa na fundi wa makufuli, jina lake Faki. Mkewe alikwisha kufa, akamwachia binti mmoja, Mize. Faki alikuwa mtu wa maneno machache, maana kufuli hufunguliwa kwa sikio. Unatia waya, unanyamaza, unasikiliza jino la ndani linavyoinuka. Hata chakula walikula kimya, na Mize alishazoea.

Siku moja Mize alikwenda kuokota kuni, Zimwi akamkamata. Akamtia katika nyumba ya mawe msituni, amnenepeshe kwanza kisha amle. Mlangoni akatia kufuli lisilo na ufunguo. Lilikuwa na uchawi wake kufuli hilo: aliyemo ndani akiogopa, linauma, yaani meno yake yanabana. Akizidi kuogopa, linazidi kuuma.

Zimwi akamwambia, "Ukisikia kitu kinakwaruza mlangoni, ujue ni ndugu zangu wamekuja kukula." Kisha akaenda zake kuwinda, kama ilivyokuwa desturi yake kila kukicha.

Basi Faki akafuata nyayo mpaka akaifikia nyumba. Hakubisha hodi. Kazini kwake hakuna hodi. Akatoa waya mwembamba, akanyamaza, akasikiliza. Kwaru, kwaru, kwaru. Ndani, Mize akajikunyata pembeni. Kufuli likauma, waya ukakatika.

Faki akarudi nyumbani. Akapika wali wa watu wawili, kwa mazoea tu, akala peke yake. Uliobaki ukachacha.

Kesho yake akaja na waya mnene zaidi. Akanyamaza, akasikiliza. Kwaru, kwaru, kwaru. Mize akaziba masikio. Kufuli likauma, waya ukakatika. Faki akarudi, akapika wali wa watu wawili, akala peke yake. Uliobaki ukachacha.

Siku ya tatu akaja na chuma alichokifua mwenyewe, amekipaka mafuta ya nazi. Akanyamaza, akasikiliza. Kwaru, kwaru, kwaru. Wewe unayecheka hapo nyuma, huyo mtoto ndani alikuwa anatetemeka. Kufuli likauma, chuma kikakatika vipande viwili.

Basi Faki akaishiwa mbinu. Akakaa kizingitini, akaegemeza kichwa mlangoni. Akaanza kusema, mtu ambaye hakuzoea kusema.

"Mize mwanangu, nimeshindwa. Nyumbani napika wali wa watu wawili, nala peke yangu. Siwezi tena."

Sauti ndogo ikauliza kutoka ndani, "Baba? Ni wewe uliyekuwa ukikwaruza?"

"Ni mimi."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasikiliza kufuli, mwanangu."

Mize akaangua kilio, lakini hofu yote ilikwisha kumtoka. Kufuli likalegea, likaanguka chini lenyewe. Baba na mwana wakashikana mikono, wakatimua mbio, na njia nzima Faki alikuwa akisema tu, hata maneno yasiyo na maana.

Zimwi aliporudi alikuta mlango wazi. Akaingia kutazama pembeni na uvunguni. Nyumba tupu. Mara upepo ukavuma, mlango ukajifunga, tawi likaukwaruza. Kwaru, kwaru, kwaru. Zimwi akashtuka, na kufuli, ambalo halichagui mtu, likaruka mahali pake likauma.

Akawaita ndugu zake waje. Hakuja mtu. Hakuwa na ndugu hata mmoja, alimdanganya mtoto wa watu. Mpaka leo yumo humo, na hakuna anayekwenda kumwita jina.

Hadithi yangu nimeikomea hapo. Nanyi shikeni hili: mtu wako akifungiwa, mwite kwanza, asikie ni wewe. Waya utafuata.