Kaa la Zimwi

Nikiita, itikeni, na asiyeitika akalale.

Zimwi lilikuja mjini na kaa la moto lisilozimika ila kiganjani mwa mtu. Likasema, "Asipopatikana wa kulizima, nawameza nyote."

Askari wa kwanza alilishika, akalitupa. Wa pili akalitupa. Wa tatu alikimbia na upanga wake.

Akaja Bi Mize, mpishi wa shughuli, akalifumbata. Ngozi iliungua, asiachie.

Zimwi likauliza, "Nani kakufundisha ushujaa?"

"Jiko. Miaka thelathini naipua vyungu vya harusi na matanga. Nikiachia chungu, watu watalala njaa."

Kaa likazima. Bi Mize akalimwagia zimwi majivu usoni.

"Haya, ondoka. Nina wali motoni."

Anayesifu panga, akaipue chungu kwanza.