Chungu Kimoja na Waliokalia Mikono

Hapo zamani, wala si zile za sungura na fisi, ni zamani za juzi tu ambazo vumbi lake halijatua, palikuwa na chuo kikuu juu ya kilima. Nyuma ya maktaba ya chuo hicho palikuwa na chumba kidogo kiitwacho Chumba cha Kalamu, ambamo wanafunzi waliwasaidia wanafunzi wenzao kuandika. Mwalimu hakuwamo. Mlikuwa na meza nne, birika la chai na sheria moja: msaidizi hashiki kalamu. Atauliza, atasikiliza, atatikisa kichwa, lakini kuandika ni kwa mwenye kazi. Na kwa kuwa mkono wa ajuaye huwasha uonapo sentensi mbovu, wasaidizi walijiwekea desturi. Wakikaa na mwandishi, walikalia viganja vyao. Chekeni mkitaka, lakini ndivyo walivyofanya.

Basi mlangoni pa chumba hicho akafika Sekela, binti wa mfinyanzi kutoka Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa. Mdomoni Sekela alikuwa chiriku, kwenye karatasi alikuwa bubu. Tasnifu yake ilikuwa imekataliwa mara mbili, na ikikataliwa mara ya tatu anafunga virago. Maji yalimfika shingoni. Aibu ilimfika juu zaidi, maana mama yake alikuwa amefinyanga vyungu miaka kumi na saba ili yeye asome.

Aliyempokea ni Nyamizi, wa mwaka wa mwisho, mpole wa sauti. Akakalia viganja, akauliza, "Unaandika nini, mdogo wangu?"

"Ufinyanzi wa wanawake wa kwetu, dada."

"Kwa nini?"

Sekela akakusanya karatasi zake, akatoka. Kesho yake akarudi, Nyamizi akakalia viganja, akauliza, "Kwa nini?" Sekela akasema mhadhiri ndiye aliyetaka mada za nyumbani. Siku ya tatu akarudi, Nyamizi akakalia viganja, akauliza, "Kwa nini?" Sekela akalia. Nyamizi akamngoja amalize kulia, asimpe hata neno moja la kuazima. Wiki tatu nzima mambo yakawa hayo, na kazi za Nyamizi mwenyewe zikalala. Siku ya ishirini na moja Sekela akapandwa na hasira.

"Kwa sababu macho ya mama yanafifia! Akiacha kufinyanga, nani atajua alivyoujua udongo?"

Nyamizi akatabasamu. "Andika hilo."

Ikawa sentensi ya kwanza.

Lakini sentensi moja haijawa tasnifu, kama vile kidole kimoja kisivyovunja chawa. Sekela aliandika akafuta, akaandika akafuta. Siku kumi kabla ya kukabidhi, alikunja godoro, akafunga begi, akaketi kwenye kibaraza cha mgahawa akingoja gari. Hapo akapita Mbwana, kijana wa Pangani, msaidizi naye, aliyekuwa anatafuta chapati zake za asubuhi.

"Mbona begi, dada?"

"Naenda nyumbani, kaka. Mimi si mtu wa karatasi."

"Haya. Ila kabla hujaondoka, nieleze tu. Mama anajuaje kwamba udongo huu mzuri, ule mbaya?"

Sekela akaeleza. Mama huonja udongo kwa ncha ya ulimi, wenye mchanga akautema. Chungu kikitoka motoni hukigonga kwa kidole akasikiliza, na chenye ufa hukijua kabla jicho halijauona. Akaeleza hadi chai ikapoa na gari likaondoka. Alipoinua macho, Mbwana alikuwa amejaza kurasa kumi na moja. Kila neno lilikuwa la Sekela, hakuna aliloongeza. Lakini kalamu aliishika yeye.

"Soma," Mbwana akasema, "halafu uniambie tena kwamba wewe si mtu wa karatasi."

Sekela akasoma, akajiona. Akarudisha godoro kitandani. Mbwana naye akaenda mwenyewe kukiri katika Chumba cha Kalamu, na wasaidizi wenzake wakamtoa, maana sheria ni sheria. Alikipenda sana chumba kile. Siku ile alikunywa chai yake nje, amesimama.

Wa tatu alikuwa Eliapenda, binti wa Upareni, msaidizi pia, aliyelala chumba kimoja na Sekela bwenini. Zikiwa zimebaki siku tano tasnifu ilitimia, na kila aliyeisoma aliisifu. Eliapenda akaisoma amekalia viganja, kisha akashusha pumzi.

"Sekela, sura ya pili si yako."

"Ni ya nani?"

"Ya vitabu. Umenakili hadi umesahau kwamba umenakili. Humu simwoni mama yako."

"Sema tu una wivu!"

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini bwenini siku zile hakupendwa na mtu. Sekela alimnunia, akamgeuzia mgongo. Hata hivyo aliichana sura ya pili, akaiandika upya. Na kila jioni aliporudi alikuta chakula chake kimefunikwa kwa sahani, bila neno. Mwaka ule wanafunzi wanne walirudishwa makwao kwa kunakili. Sekela hakuwamo. Sekela alifaulu.

Akampigia mama simu, akamsomea yote, kwani mama hakujua kusoma. Mama akasikiliza hadi neno la mwisho. Kisha akasema, "Kumbe mimi nilikuwa najua mambo yote hayo?" Wakalia wote wawili, huyu huku, yule kule.

Baada ya wiki mbili kikafika chungu kidogo, kimefungwa kwa kanga, na ujumbe wa mdomo: "Macho yamekataa, mwanangu. Hiki ndicho cha mwisho. Mpe aliyekuwezesha kuandika. Mpe mmoja, maana chungu hakigawanyiki."

Sekela akakiweka mezani katika Chumba cha Kalamu, akawaita watatu. Mbwana akasimama kizingitini.

"Nakitaka, sitajifanya sikitaki," Nyamizi akasema. "Niliitunza sheria hata ulipolia, na kulia kwako kuliniuma. Bila lile neno la kwanza, mengine yangetoka wapi?"

"Nami nakitaka," akasema Mbwana. "Wewe mwenye hilo neno la kwanza ulikuwa tayari umefunga begi. Niliivunja sheria, ndiyo, na nimeilipia. Lakini leo usingekuwa hapa."

Eliapenda aliinamisha kichwa. "Ninyi mlipata asante papo hapo. Mimi nilipata mgongo. Mngemwacha akabidhi kazi ya kunakili, naye angerudishwa na begi lake lile lile."

Sekela akakiinua chungu cha mama. Akakigonga kwa kidole, kikalia vizuri, hakina ufa. Akamtazama huyu, akamtazama huyu, akamtazama huyu, na wote aliwapenda. Akasema, "Kaka Mbwana, ingia." Mbwana akaingia. Nao watatu wakaketi, wakakalia viganja vyao, wakamwachia mwenye kazi aamue.

Sekela yu pale bado, amekishika chungu kwa mikono miwili. Nanyi mnaosikiliza, msikalie mikono yenu, nyosheni mseme: je, nani alistahili?