Aliyeambiwa Apite Kesho

Mpo? Kama mpo semeni mpo, maana hadithi hii siwasimulii wasiokuwepo. Wasiokuwepo wanaijua tayari.

Haya. Mafuta bado hayajachemka, muda upo. Mimi ninayesema nanyi sijasoma. Darasa la pili nilitoka kwa sababu mwalimu alikuwa hana tena cha kunifundisha. Lakini geti la chuo hiki nimelikalia na karai langu tangu hilo geti halijajengwa, na hakuna daktari, hakimu wala meneja aliyetoka hapa Kwembale bila kula chipsi za mkono wangu. Kwa hiyo nikisema nimeona, nimeona.

Nyie mnaujua mji huu chuo kikiwa wazi. Likizo ndefu hamuujui, mnakimbia. Mtihani wa mwisho ukiisha, mabasi yanawabeba wote, na kesho yake mji umekufa. Mwenye fotokopi anafunga. Mama ntilie anafunika masufuria. Mbwa wanalala katikati ya lami. Halafu mchana kweupe ukungu unashuka kutoka msituni, mzito, mpaka siku moja niliukata kwa kisu cha viazi nikauweka kando ndipo nikapita.

Ndani ya ukungu huo, kila likizo, wanabaki vijana wachache wanaotafuta kazi. Utawajua tu. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, wanakwenda mlango kwa mlango. "Hodi. Shikamoo. Samahani, kuna kazi yoyote?"

Na watu wa hapa, sikilizeni vizuri, hatuna mdomo wa kumwambia mtu "hakuna." Tunaona haya. Mtu wa Kwembale akiwa hana kazi ya kukupa, anatabasamu vizuri kabisa, anakwambia, "Pita kesho." Ukipita kesho, anatabasamu tena: "Pita kesho." Mwenyeji anaelewa kwamba ameshanyimwa. Mgeni anapita.

Likizo ninayoisema walibaki vijana watatu.

Wa kwanza aliitwa Tuntufye, kijana wa Rungwe. Kipaji chake masikio. Yule alikuwa anasikia viazi vikiota. Nilimwekea gunia langu mbele, nikamwambia, "Haya, sikiliza." Akainamisha kichwa. "Mzee, kuna kimoja kimeoza, kipo chini upande wa kushoto." Nikalimwaga gunia lote. Kilikuwepo.

Wa pili aliitwa Kidawa, binti wa Kilwa. Kipaji chake ulimi, na si ulimi wa matusi, ni ulimi wa kufungua watu. Ukikaa naye kidogo umeshamtajia babu yako, deni lako na ugonjwa wako. Alimsemesha mlinzi wa benki, yule mkali, mpaka mlinzi akaweka bunduki chini akaanza kulia habari za mke wake.

Wa tatu aliitwa Lembris, wa Monduli. Kipaji chake moyo. Hofu haikumjua, na yeye hakuijua. Na mikono yake! Ukimpa kazi, kazi ndiyo iliyokuwa inachoka.

Watatu hao walikuwa na shida moja. Mabweni ya chuo yamefungwa, pa kulala hakuna, na basi la mwisho la kushuka mlima lilikuwa la Ijumaa. Asiyepata kazi kabla ya Ijumaa anapanda basi, anarudi kwao mikono mitupu, na tangu nimekaa geti lile sijamwona aliyeshuka hivyo akarudi tena darasani. Hata mmoja. Nawatazamia mpaka leo.

Walizunguka mji mzima. Pita kesho, pita kesho, pita kesho. Mpaka wakafika hosteli ya Mama Nakunda, lile jengo refu nyuma ya soko, lenye ukumbi mrefu na vyumba huku na huku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu."

"Kuna kazi yoyote?"

"Ipo," alisema Mama Nakunda.

Walishtuka, nawaambia. Kidawa alirudi nyuma hatua nzima.

"Ipo moja," mama akasema. "Kukaa hapa mpaka chuo kifunguliwe. Kufagia, kupaka chokaa, kulinda magodoro ya watoto wa watu. Utalala bure, utakula bure, na mwaka wote unaofuata chumba ni chako. Lakini mlinzi wangu wa mwanzo aliondoka bila viatu. Aliyemfuata alikimbia kupitia dirishani, na mlango ulikuwa wazi."

"Kuna wezi?" Lembris akauliza.

"Mwizi ningeshukuru. Kila siku ukungu ukishafunika uwanja, mtu anagonga mlango mkubwa. Ukikaa kimya, anagonga chumba cha kwanza. Halafu kinachofuata. Vyote, mpaka mwisho wa ukumbi. Na kila akigonga anasubiri kidogo. Anasubiri kama mtu mwenye adabu. Ukichungulia, hakuna mtu." Mama alijifunga kanga upya, ingawa ilikuwa haijalegea. "Atakayeituliza nyumba yangu, ufunguo ni wake. Mmoja tu. Unga nilio nao unamtosha mtu mmoja, na mimi mwenyewe nakula huo huo."

Sasa tegeni masikio.

Tuntufye alianza. Alikaa chini kwenye ukumbi, akabandika sikio ukutani. Ukungu ukashuka. Ngo, ngo, ngo. Watu wengine wote walisikia kugonga tu, wakakimbia. Tuntufye hakukimbia kwa sababu chini ya kule kugonga alisikia maneno, madogo sana, kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Alisikia kwenye mlango wa kwanza, akasikia kwenye wa pili, akasikia mpaka wa mwisho, maneno yale yale:

"Hodi. Ni mimi wa jana. Mlisema nipite leo."

Alitoka nje analia. Wenzake wakamshika. "Umeona nini?" Akasema, "Sijaona. Ni mtu anatafuta kazi. Kama sisi."

Kidawa akayachukua maneno hayo akaingia nayo mjini. Akaenda kwa dobi. Dobi akasema hamjui mtu wa namna hiyo. Kidawa akasema, "Sawa baba, nimekuja kukusalimia tu," akakaa. Mara dobi akaacha pasi. "Alikuwa na shati jeupe," akasema. "La kuazima. Alikuwa analileta kila asubuhi nilipige pasi, na kila siku alikuwa ananiuliza kama nina kazi." Kidawa akaenda kwa fundi cherehani: shati jeupe. Akaenda kwa mwenye duka la vyombo: shati jeupe. Wote walimkumbuka, na hakuna aliyekuwa amewahi kumtaja mbele ya mwenzake. Likizo moja ya zamani kijana huyo alipita milango yote ya Kwembale, na milango yote ilimtabasamia. Asubuhi moja ya mvua walimkuta amekaa kwenye benchi la stendi, mgongo wima, shati halina hata doa, na baridi ilikuwa imeshamaliza kazi yake.

Kidawa akarudi hosteli, akakaa kitako karibu na Mama Nakunda.

"Mama, alikuwa analala hapa, sivyo?"

"Chumba cha mwisho, mpaka kodi ilipomshinda."

"Aliitwa nani?"

Mama alichochea jiko mpaka likazima. "Anaeli," akasema.

"Na wewe mama, alipokuomba kazi ulimwambiaje?"

Mama akasema kwa sauti ambayo hata Tuntufye ilibidi ainame kuisikia: "Nilimwambia apite kesho."

Ikabaki zamu ya Lembris. Siku hiyo mimi nilikuwa pale uwanjani na karai langu kichwani, na ukungu ulikuwa mzito mpaka karai likajaa. Ngo, ngo, ngo. Lembris hakuchungulia. Alifungua mlango wote, akausukuma mpaka ukagonga ukuta. Hakukuwa na mtu. Ila pale kizingitini, kwenye saruji kavu, palikuwa na nyayo mbili za viatu, mbichi, zimesimama zimebanana kama za mtu aliyeweka mikono nyuma.

Mimi moyo wangu uliruka ukatua Dodoma.

Lembris akasema, "Karibu, Anaeli. Uliambiwa upite leo, umepita. Kazi ipo."

Akachukua mafagio mawili. Moja akaliegemeza mlangoni, jingine akalishika yeye, akageuka, akaupa mlango mgongo, akaanza kufagia ukumbi. Fagi, fagi. Akafika kama chumba cha tatu. Ndipo nyuma yake tukasikia fagio la pili.

Sijaona mtu akifagia vizuri namna ile, na simaanishi Lembris. Vumbi lilikuwa linakwenda lenyewe kwa mstari. Kuna wakati Lembris alisema bila kugeuka, "Kaka, kona hiyo umeitendea haki," na lile fagio likaongeza kasi, kama mtoto aliyesifiwa. Walifagia mpaka chumba cha mwisho. Lembris akaweka chini beseni la maji ya kunawa na sahani ya ugali, ule ugali wake mwenyewe wa siku hiyo. Akasema, "Kazi imekwisha, Anaeli. Umefanya vizuri. Ahsante. Nenda kapumzike. Usipite kesho."

Maji kwenye beseni yakatikisika. Fagio likalala chini, taratibu, bila kishindo. Nyayo mbichi zikatoka mlangoni, zikavuka uwanja, zikapita mbele ya miguu yangu, na kabla hazijafika getini zikakauka.

Kesho yake ukungu ulishuka, na hakuna aliyegonga.

Mngedhani tumemaliza. Sasa ndiyo tunaanza, maana keshokutwa yake ilikuwa Ijumaa, basi linapiga honi sokoni, na Mama Nakunda amesimama ukumbini na ufunguo mmoja.

"Ufunguo wangu," alisema Tuntufye. "Walinzi wote walisikia kugonga. Nani alisikia kwamba yule ni mtu? Lembris ungemfungulia mlango ungemwambia nini? Ungemwuliza habari za ng'ombe?"

"Na wewe ulisikia ukafanyaje?" Lembris akamjibu. "Ulitoka kamasi zinakufika kifuani. Kazi inatolewa kwa aliyefanya kazi. Mimi ndiye niliyempa mgongo, bwana. Jaribu siku moja kumpa mgongo."

Kidawa akacheka, lakini cheko lenyewe halikufika machoni. "Kaka zangu, bila jina mngemwita nani? 'Wewe, hee'? Mji mzima ulimwita hivyo ndiyo maana akafika stendi. Jina nimelitoa mimi, tena nimelitoa mahali ambapo nyie wawili msingethubutu kuuliza." Akamtazama Mama Nakunda. Mama akatazama chini.

"Gawaneni," mimi nikasema kutoka mlangoni.

"Unga!" wote wanne wakanijibu.

Honi ikalia tena. Mama Nakunda akanyoosha mkono wenye ufunguo, ukasogea kwa huyu, ukasogea kwa yule, ukarudi. Jasho lilikuwa linamtoka na baridi yote ile. Akasema, "Wanangu, nyote mmenisaidia sawasawa. Nitampa mmoja. Nyie wengine wawili, msijisikie vibaya, nyie mta... nyie piteni ke..."

Akajiziba mdomo kwa kiganja.

Honi ikakatika. Nikaona kichwa cha Tuntufye kinageuka polepole kuelekea mwisho wa ukumbi, kwenye kile chumba, na kidole chake kinapanda juu.

"Nyamazeni," akanong'ona. "Kuna mtu amesimama pale. Hagongi. Anasikiliza mama atasemaje."

Na pale pale chini ya mlango wa mwisho, kwenye sakafu waliyoifagia wenyewe, tukaona nyayo mbili mbichi, zimebanana.

Mimi hadithi yangu nimeifikisha hapo, nimeiweka chini. Masikio yalimsikia, ulimi ukampa jina, moyo ukampa kazi. Ukimtoa mmoja kati yao, kijana anagonga mpaka leo. Ufunguo ni mmoja, na basi linaondoka.

Ninyi mlioshika sahani hapa, na wewe mtoto uliyejificha nyuma ya mama yako: ufunguo ungempa nani? Na hao wawili waliobaki, huku yule wa mwisho wa ukumbi anasikiliza, ungewaambia neno gani?

Mafuta yamechemka. Nijibuni sasa hivi, na mtu asiniambie atanijibu kesho.